Poplar 1921: Manispaa Iliyokataa Kukusanya

Tarehe 29 Julai 1921 watu wapatao 2,000 walitoka kwa miguu kwenye ukumbi wa manispaa ya Poplar, mashariki ya London, wakaelekea Mahakama Kuu. Mbele alitangulia mbeba siwa, akifuatwa na meya Sam March na mkufu wa umeya shingoni, kisha madiwani, bendi na wananchi. Bango lao lilieleza kwamba Baraza la Manispaa ya Poplar linakwenda Mahakama Kuu, na huenda likaishia gerezani. Waliliandika wakijua wanachosema: wiki tano baadaye polisi walianza kuwakamata mmoja mmoja, na madiwani 30 wakafungwa kwa kukataa kukusanya kodi iliyodaiwa na mamlaka za London nzima.

Manispaa hiyo haipo tena. Ilizaliwa mwaka 1900 na kufutwa 1965. Wengi wanaoikumbuka husimulia ushujaa wa wale 30, na ushujaa ulikuwepo kweli. Lakini anayetaka kuelewa kwa nini walishinda shauri moja na kushindwa jingine lazima aanze na mpaka wa manispaa yenyewe na hesabu ya kodi iliyokusanywa ndani yake.

Mpaka

Poplar ilikaa kwenye kona ya mashariki ya Kaunti ya London, kaskazini ya mto Thames. Kusini ilikuwa na mto huo, mashariki mto Lea, na ng'ambo ya Lea kulikuwa na West Ham, ambayo kisheria haikuwa London. Magharibi ilipakana na Stepney, kaskazini na Hackney. Parokia tatu, yaani Poplar, Bromley na Bow, ziliwekwa chini ya bodi moja ya wilaya mwaka 1855. Sheria ya 1899 ilipoigawa kaunti nzima katika manispaa 28, parokia hizohizo zikageuzwa kuwa Manispaa ya Poplar. Waliochora mpaka huo walifuata mistari ya makanisa ya zamani, na hakuna aliyeuliza kama eneo lililomo ndani lingeweza kujigharimia.

Lililokuwemo ndani ni bandari. Gati za West India zilifunguliwa 1802, za East India 1806, za Millwall 1868. Bidhaa zilizopita hapo ziliwatajirisha watu waliolala kwingine. Aliyelala Poplar alikuwa kuli, na kuli alikuwa kibarua wa siku. Alfajiri alisimama getini na wenzake akimngoja nyapara amwonyeshe kidole. Akichaguliwa, watoto watakula. Asipochaguliwa, anarudi nyumbani mikono mitupu na kesho anaanza upya. Wake na mabinti walishona nguo au walifanya kazi viwandani, kikiwemo kile cha viberiti cha Bryant & May huko Bow, ambacho wasichana wake waligoma mwaka 1888.

Meli zikipungua, basi, mtaa mzima ulikosa kwa pamoja. Hilo ndilo lililotokea majira ya baridi ya 1920 kuingia 1921, baada ya neema fupi iliyofuata vita kuisha. Wakati huo manispaa ilikuwa na watu zaidi ya 160,000.

Hesabu ya peni moja

Hapa panahitaji subira kidogo, kwa kuwa pasipoeleweka kisa chote kinageuka maneno matupu.

Serikali za mitaa za Uingereza ziliishi kwa kodi ya majengo. Kila jengo lilikadiriwa thamani yake ya kupangishwa kwa mwaka, kisha baraza likatangaza kiwango: peni kadhaa au shilingi kadhaa kwa kila pauni ya thamani hiyo. Enzi hizo pauni ilikuwa na shilingi 20 na shilingi ilikuwa na peni 12, kwa hiyo pauni moja ni peni 240. Nguvu ya manispaa ilipimwa kwa swali moja: tukitoza peni 1 kwa pauni, tunapata kiasi gani?

Westminster, yenye majumba, hoteli na maduka makubwa, ilipata zaidi ya pauni 31,000. Poplar ilipata kama pauni 3,600.

Chukua mfano wa mahitaji ya pauni 90,000. Westminster inatoza peni 3 na zinabaki chenji. Poplar lazima itoze peni 25. Mwenye jengo la thamani ya pauni 20 atalipa shilingi 5 akiwa Westminster. Akiwa Poplar atalipa pauni 2, shilingi 1 na peni 8, kwa jengo la thamani ileile na huduma ileile. Tena wapangaji wengi wa nyumba ndogo hawakuletewa hati ya kodi mkononi. Mwenye nyumba aliilipa yeye, kisha akaitia ndani ya pango la kila wiki. Kodi ikipanda, pango linapanda, na anayepandishiwa ni yuleyule aliyerudishwa getini asubuhi.

Sasa ongeza msaada wa maskini. Huo haukutolewa na baraza la manispaa. Ulitolewa na Bodi ya Walezi wa Maskini, chombo kingine chenye uchaguzi wake, ila fedha zake zilitoka kwenye kodi hiyohiyo. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kumpeleka mhitaji kwenye nyumba ya maskini, akae humo chini ya amri, mara nyingi ametengwa na mkewe na watoto. Ya pili ni kumpa fedha au chakula akiwa nyumbani kwake. Tangu 1867 ulikuwepo mfuko wa pamoja wa London uliochangia gharama za wale waliowekwa ndani. Waliosaidiwa nyumbani hawakuhesabiwa. George Lansbury, aliyekuwa mlezi wa maskini Poplar tangu miaka ya 1890, alipigania njia ya pili miaka nenda miaka rudi. Sheria ikawa inamwadhibu kwa hilo: ukimfungia maskini, London nzima inachangia, ukimwacha na familia yake, majirani zake maskini wanalipa peke yao.

Huko Westminster hilo halikumnyima mtu usingizi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Walichokataa, na walichoendelea kufanya

Poplar ilikuwa imeshatoa meya wa kwanza wa chama cha Labour katika London, Will Crooks, mwaka 1901. Lakini baraza lenyewe lilishikwa na Labour Novemba 1919, walipopata viti 39 kati ya 42. Walioingia walikuwa makuli, watu wa reli, walimu, akina mama wa nyumbani. Wakaanza kujenga nyumba, kuboresha mabafu ya umma na kliniki za wazazi na watoto, na mwaka 1920 wakaweka kima cha chini cha mshahara cha pauni 4 kwa wiki kwa watumishi wa manispaa, mwanamume na mwanamke sawa. Tutairudia hiyo pauni 4.

Mwaka mmoja baadaye hesabu zikakataa. Manispaa haikukusanya kwa ajili yake tu. Mamlaka nne za London nzima zilituma hati za madai kila mwaka, na manispaa ililazimika kuzikusanyia: Baraza la Kaunti ya London, Polisi, Bodi ya Maji, na Metropolitan Asylums Board, iliyoendesha hospitali za magonjwa ya kuambukiza. Madai hayo yalipangwa kwa kiwango kimoja kwa pauni, tajiri na maskini. Chini yake Poplar ikaongeza gharama zake, na chini yake tena msaada wa maskini, ambao ulikuwa unapaa kila wiki.

Machi 1921 baraza likaamua. Likapanga kodi ya mwaka na kuyaondoa madai ya mamlaka zote nne. Gharama za manispaa zikabaki, msaada wa maskini ukabaki. Fedha za watu wa nje zikafutwa.

Uamuzi huu ulisukwa vizuri kuliko unavyoonekana. Kama wangeacha kukusanya kodi kabisa, taka zingejaa mitaani na wenye njaa wangekosa mkate ndani ya wiki moja, na wananchi wangewageuka. Kama wangekusanya zote kisha wakazizuia benki, wangeitwa wezi. Wao hawakuzitoza kabisa. Mwananchi alipata nafuu ya kodi papo hapo, huduma za mtaa ziliendelea, na aliyebaki na pengo kwenye vitabu ni mamlaka ya nje yenye nguvu ya kupiga kelele hadi serikalini.

Si wote wa Labour waliokubali. Herbert Morrison, meya wa Hackney na katibu wa chama hicho London, aliona kuvunja sheria kutawapotezea kura na heshima ya kuweza kutawala. Hoja yake ilikuwa na uzito, maana alikuwa anajenga chama cha kushika London yote. Lakini hakuwa na jibu la swali la mwezi ule: pango la Poplar lipande tena au lisipande?

Mahakama na funguo za gereza

Kaunti na Asylums Board walikwenda mahakamani kuomba amri ya mandamus, yaani amri ya kukilazimisha chombo cha umma kitimize wajibu wake. Kisheria madiwani hawakuwa na pa kushika. Sheria ilisema manispaa itakusanya, nao hawakukusanya. Walipewa muda, hawakubadili, na shauri likawa la kudharau mahakama.

Ukamataji ulianza tarehe 1 Septemba. Wanaume 25 walipelekwa gereza la Brixton. Wanawake watano, Susan Lawrence, Minnie Lansbury, Nellie Cressall, Julia Scurr na Jennie Mackay, walikamatwa tarehe 5 na kupelekwa gereza la Holloway. Nellie Cressall alikuwa na mimba kubwa. Serikali iliona aibu hiyo inavyokua magazetini na ikamtoa mapema, yeye akiwa hataki kupendelewa kuliko wenzake.

Hapo ndipo upande wa wadai ulipojikwaa. Kifungo cha kudharau mahakama hakina mwisho uliopangwa. Mfungwa anatoka akitii. Silaha hiyo humfaa mtu mmoja mwenye deni mfukoni. Kwa baraza inageuka dhidi ya anayeishika, kwa sababu mwenye mamlaka ya kutangaza kodi ni baraza, na baraza sasa liko ndani. Kila wiki waliyokaa gerezani, fedha zilizodaiwa zilizidi kutokusanywa. Waziri wa Afya, Alfred Mond, aliyesimamia serikali za mitaa, hakuwa na sheria ya kuwaondoa madiwani waliochaguliwa na kuweka makamishna wake. Jaji hakuweza kupita nyumba kwa nyumba kukusanya shilingi. Kilichobaki ni kungoja wachoke.

Hawakuchoka. Walidai ruhusa ya kukutana wakaipata, na vikao vya baraza vikafanyika ndani ya Brixton, wanawake wakiletwa kwa gari kutoka Holloway, upande wa pili wa jiji. Watu wa Poplar walifunga safari hadi nje ya ukuta, na George Lansbury akawahutubia kupitia nondo za dirisha la chumba chake. Wakati huohuo mabaraza ya Stepney na Bethnal Green yakapiga kura kuyazuia madai vilevile. Hilo ndilo lililoitikisa serikali kweli. Manispaa moja inaweza kuachwa gerezani; tatu zilizopakana, zikifuatwa na nyingine, zingeiacha Kaunti ya London bila fedha za shule na zimamoto.

Oktoba 12 wafungwa wote waliobaki waliachiwa. Hawakulipa wala hawakuomba radhi kwa kukataa kwao. Mahakama iliwatoa ili waweze kushiriki mkutano wa kutafuta suluhu, na mwezi uliofuata Bunge likapitisha sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1921. Kiini chake ni kile walichodai: msaada wa nyumbani nao uliingizwa kwenye mfuko wa pamoja wa London. Kuanzia hapo kuli wa Poplar akikosa kazi, Westminster nayo inachangia chakula chake.

Minnie Lansbury hakuishi kuona mengi ya matunda hayo. Alifariki tarehe 1 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 32, kwa kichomi. Wenzake waliamini gereza lilimdhoofisha. Saa ya ukumbusho wake iko kwenye ukuta mmoja katika barabara ya Bow.

Pauni nne

Madiwani walewale, kwa moyo uleule, walipigwa vibaya kwenye shauri la mshahara, na chanzo cha tofauti hiyo kiko kwenye muundo wa kila shauri.

Sheria ya 1855 iliruhusu baraza kulipa mishahara ambayo lenyewe litaona inafaa. Poplar iliona pauni 4 inafaa, mwaka 1920, maisha yalipokuwa ghali mno. Kisha bei zikaanguka. Gharama za maisha, zilizokuwa asilimia 176 juu ya kiwango cha kabla ya vita, zilishuka hadi asilimia 82. Mishahara ya kwingine ikashuka nazo. Poplar ilikataa kushusha, kwa hoja kwamba mwajiri wa umma anapaswa kuwa mfano, na kwamba chini ya pauni 4 mtu haishi vizuri.

Mkaguzi wa hesabu wa wilaya alipofungua vitabu alikataa pauni 5,000 za mishahara, akasema ni ziada isiyo halali, na akaagiza madiwani wazilipe kutoka mifukoni mwao. Shauri likapanda ngazi tatu. Mahakama ya kwanza ilimwunga mkono mkaguzi, Mahakama ya Rufaa ikaliunga baraza, na mwaka 1925 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa enzi hizo, ikamrudishia mkaguzi ushindi. Wakuu hao walisema neno "kufaa" lina maana ya kufaa kwa busara, na baraza ni mdhamini wa fedha za walipakodi. Lord Atkinson alikwenda mbali zaidi, akawalaumu madiwani kwa kuongozwa na kanuni za ajabu za hisani ya kijamaa na kwa hamu ya kuwasawazisha wanawake na wanaume katika mishahara. Hata ukikubaliana na sheria aliyoisimamia, sentensi hiyo inaonyesha kilichokuwa kikipimwa mezani, na mizani haikuwa ya fedha peke yake.

Linganisha mashauri mawili. Katika lile la madai ya nje, adhabu iliwapata wote kwa pamoja, majirani walikuwa na dhiki hiyohiyo, na kila siku ya adhabu ilimuumiza mdai. Katika lile la mshahara, deni lilimwangukia kila diwani kwa jina lake, manispaa jirani hazikuwa na sababu ya kujiunga, na mkaguzi hakupoteza kitu kwa kusubiri miaka. Wanafunzi wa sheria ya utawala, wa Afrika Mashariki wakiwemo, bado wanaisoma kesi hii, Roberts v Hopwood, katika somo la mipaka ya hiari ya chombo cha umma. Wengi huisoma bila kuambiwa kwamba waliohukumiwa walikuwa wametoka gerezani.

Bodi ya Walezi nayo iliendelea kuvutana na serikali. Mond aliweka viwango vya juu vya msaada mwaka 1922, Poplar ikavipita, akatoa amri maalumu, wakaipuuza. John Wheatley, waziri wa Labour, akaifuta Februari 1924. Serikali ilikuwa imejifunza, lakini. Sheria ya 1926 ilimpa waziri uwezo ambao Mond hakuwa nao miaka mitano kabla, wa kuiondoa bodi ya walezi na kuweka watu wake. West Ham, ng'ambo ya mto Lea, ndiyo iliyoonja kwanza. Bodi zote zilifutwa 1930 na kazi yake London ikachukuliwa na Baraza la Kaunti.

Mwisho wa manispaa

Desemba 1938 Poplar ilifungua ukumbi mpya wa manispaa katika barabara ya Bow, jengo la mtindo wa kisasa lenye kona ya mviringo. Ukisimama nje na kutazama ukutani, huoni mfalme wala meya aliyechongwa. Unaona mafundi kwenye mawe ya Portland, seremala na mwashi miongoni mwao: watu wa kazi zilizojenga ukumbi wenyewe.

Miaka miwili haikupita mabomu yakaanza. Gati zilikuwa shabaha, na nyumba zilizozizunguka ziliungua pamoja nazo. Hesabu ya watu ya 1951 iliikuta Poplar na watu kama 73,000, chini ya nusu ya wale wa 1921. Mwaka huohuo sehemu ya kwanza ya mtaa mpya wa Lansbury ilionyeshwa kwa wageni wa maonyesho ya taifa ya Festival of Britain, ila aliyeujenga alikuwa Baraza la Kaunti. Manispaa ilikuwa imebaki ndogo, na kazi zake kubwa zilikuwa zimeshahamia juu.

Sheria ya 1963 ilizikunja zile manispaa 28 zikawa 12. Tarehe 1 Aprili 1965 Poplar ikaunganishwa na majirani wawili na kuitwa Tower Hamlets. Majirani hao ni Stepney na Bethnal Green, walewale waliopiga kura ya kukataa mwaka 1921. Mpaka mpya ukawakusanya wote watatu ndani, na Westminster ikabaki upande wa pili.